Mwanao Amefuzu: Furahi, Lakini Usimwandikie Deni

SOMO LA WIKI

Soma kwanza ukiwa nyumbani: Mathayo 3:13 hadi 4:4, 1 Samweli 1:9–28 na 2:18–21, Mwanzo 37:3–4, 2 Wakorintho 12:14, 1 Timotheo 5:4.



Wakati wa mahafali, kipindi chetu cha shuhuda siku ya Jumapili huwa kirefu. Mama anasimama na leso yake, sauti inakatika kabla hajamaliza kutaja jina la chuo, na kanisa lote linapiga vigelegele. Baba ambaye kwa kawaida hasemi mengi anainua simu juu tuone picha: mtoto amevaa joho na ile kofia ya pembe nne. Mambo haya ni mazuri mbele za Mungu, na somo hili halikuja kuzima vigelegele vya mtu. Limekuja na swali moja tu. Joho ni la kukodi, linarudishwa chuoni. Likisharudishwa, mtoto wako anabaki na nini kutoka kwako? Anabaki na baraka, ama anabaki na bili?

1. Furaha ya mzazi ni halali

Kuna wapendwa wanaogopa hata kufurahi. Wanadhani wakionyesha furaha watakuwa na kiburi, ama watu watawaonea kijicho. Lakini Mithali 23:24–25 inasema wazi kwamba baba na mama wa mtoto mwenye haki na hekima wanayo sababu ya kushangilia. Kwa hivyo shangilia. Tena shangilia ukijua unachoshangilia, manake hiyo shahada haikuokotwa njiani.

Hebu tuangalie kazi yenyewe. Udaktari hapa Kenya ni miaka 6 ya darasani na wodini, halafu mwaka 1 wa uanagenzi hospitalini kabla ya kupata usajili kamili. Uhandisi ni miaka 5. Sheria ni miaka 4, kisha kuna Kenya School of Law kabla mtu hajaitwa wakili. Ndani ya miaka hiyo kuna karatasi za kurudia, kuna wahadhiri kugoma, na kuna ule muhula ambao karo haijatimia na mtoto hajui kama ataruhusiwa kuingia chumba cha mtihani.

Na upande wa mzazi je? Sisi wa Likoni, Kisauni na Changamwe tunajua karo ilitoka wapi. Ilitoka kwenye karai la viazi na sufuria ya mbaazi, alfajiri, kabla watu hawajapanda feri. Ilitoka kwenye zamu ya usiku ya askari wa lango, na kwenye kibarua cha kupakua makontena ambacho leo kipo na kesho hakipo. Ilitoka kwenye meza ya nyanya pale Kongowea, kwenye chama cha akina mama, na kwa mjomba aliyetuma elfu mbili kimyakimya kila mwezi.

Kwa nyumba nyingi huyu ndiye wa kwanza katika ukoo mzima. Kwa miaka mingi mtoto wa Pwani aliyetaka shahada ilibidi aende Nairobi ama mbali zaidi. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor kilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013, na Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi kikapata mwaka huo huo. Juzi tu. Kwa hivyo mama asiyepita darasa la saba anapoketi kwenye hema la wazazi na kumwona bintiye akisimama pamoja na kitivo chake, chansela akawatunuku shahada, hicho si kitu kidogo. Machozi ya siku hiyo ni ibada pia.

Basi kiburi kinaingilia wapi? Kumbukumbu la Torati 8:17–18 inatuonyesha mlango wake. Musa anawaonya Israeli wasije wakashiba, wakajenga nyumba nzuri, kisha wakasema moyoni kwamba ni nguvu za mikono yao zimewapatia utajiri huo. Furaha inageuka kiburi pale unapomtoa Mungu kwenye ushuhuda na kujiweka wewe. Jisikilize unapotoa ushuhuda wako. Ukihesabu, ni mara ngapi umesema "mimi", na ni mara ngapi umemtaja Bwana?

Mwangalie Hana. Alilia hekaluni mpaka kuhani Eli akadhani amelewa. Mungu akampa Samweli. Sasa Hana alikuwa na kila sababu ya kujigamba, hasa mbele ya Penina aliyemchokoza miaka yote. Lakini ukisoma ile sala yake ya sura ya 2, inaanza na Bwana na inaendelea na Bwana. Amefurahi mpaka anaimba, na anayeinuliwa katika wimbo huo si Hana. Hiyo ndiyo fahari iliyookoka.

2. Fungua daftari: umeiandika wapi ile karo?

Chuoni nilisomea biashara, na mambo ya mwanzo kabisa katika uhasibu ni haya: kila shilingi inayotoka lazima iandikwe mahali. Ukimpa mtu pesa, unaweza kuiandika kama mkopo, kwa hivyo unangoja irudi. Unaweza kuiandika kama uwekezaji, kwa hivyo unangoja irudi na faida. Ama unaweza kuiandika kama zawadi, na hapo hungoji kitu, hesabu imefungwa.

Nakuuliza, mzazi mpendwa: ile karo uliiandika safu gani?

Wengi wetu tutajibu haraka, "Pasta, ni zawadi, mimi nampenda mwanangu." Amina. Lakini daftari la moyoni halifunguliwi na maneno ya kanisani. Linafunguliwa siku mtoto anapopata mshahara wa kwanza, ama siku anapomaliza miezi minane bila kazi. Hapo ndipo utajisikia ukisema: "Baada ya yote niliyokufanyia!" Neno hilo "baada ya yote" ni la mtu anayedai. Linaonyesha karo iliandikwa safu ya mkopo, na mtoto hakuambiwa.

Kijana mmoja alibaki nyuma baada ya ibada, tukaketi. Amenipa ruhusa nieleze bila kutaja jina wala mtaa. Amemaliza shahada ngumu, na alama zake ni nzuri. Kazi hajapata. Akaniambia, "Pasta, mimi siku hizi sipokei simu ya mathee. Akipiga naiangalia mpaka inakatika." Nikamwuliza, amekukosea? Akasema hapana. Ni kwamba kila simu inaanza na salamu na kuishia palepale: fulani wa jirani ameshapeleka mamake kwa nyumba nzuri, fulani ameshanunua ploti. Mama hatukani, hapigi kelele. Anahesabu tu. Na kijana anasikia bili.

Ndugu zangu, huyu mama anampenda mwanawe. Aliuza mpaka cherehani yake kwa ajili yake. Lakini ona kilichotokea: shahada iliyokuwa iwalete karibu imewatenga. Mtoto aliyepiga simu kila Jumapili alipokuwa mwanafunzi anaogopa simu sasa akiwa msomi.

Hata HELB, bodi ya mikopo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, ina utaratibu. Kuna fomu, kuna sahihi. Mkopo wa shahada ya kwanza una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na malipo yanatakiwa kuanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Mtu analipa kidogo kidogo, na siku moja anamaliza na anapewa cheti cha kuonyesha hadaiwi. Lakini deni la "baada ya yote niliyokufanyia" halina kiwango, halina risiti, na halina siku ya mwisho. Mtoto atalipa mpaka azeeke na bado hatajua kama amemaliza.

Neno linasemaje? Katika 2 Wakorintho 12:14 Paulo anawaambia Wakorintho kwamba hataki mali yao, anawataka wao wenyewe. Halafu anatoa sababu ya kifamilia kabisa: kwa kawaida wazazi ndio wanaoweka akiba kwa ajili ya watoto, si watoto kwa ajili ya wazazi. Paulo aliijua safu yake. Alijitoa kwa watoto wake wa kiroho, akaandika zawadi.

Sasa najua swali linalokuja, manake limeulizwa kwenye ushirika wa nyumbani zaidi ya mara moja: "Kwa hivyo mtoto asisaidie nyumbani? Tuzeeke na njaa?" La, hasha. 1 Timotheo 5:4 inaagiza watoto na wajukuu wajifunze kuwarudishia wazazi wao wema, na inasema jambo hilo linampendeza Mungu. Yesu mwenyewe katika Marko 7:9–13 aliwakemea watu waliojificha nyuma ya sadaka ili wasiwasaidie baba na mama. Mtoto anayepata riziki na kumwacha mamake akihangaika na kodi ya nyumba kule Shika Adabu ama Mtopanga amekosea, na hakuna shahada itakayomtetea.

Lakini angalia ni nani anaambiwa. Agizo la kurudisha wema amepewa mtoto. Mzazi naye, katika Waefeso 6:4, ameambiwa asimchokoze mtoto mpaka akasirike. Kila mtu na andiko lake. Shida inaanza pale mzazi anaposhika andiko la mtoto na kulisoma kama ankara, na mtoto anaposhika andiko la mzazi na kulisoma kama kinga. Msaada wa mtoto unatakiwa utoke kwa heshima na upendo. Ukidaiwa, hata ukitoka, unatoka na uchungu.

3. Baada ya Yordani kuna jangwa

Tufungue Mathayo 3. Yesu anabatizwa mto Yordani. Mbingu zinafunguka, na sauti ya Baba inatangaza kwamba huyu ni Mwanawe, anampenda, na amependezwa naye.

Ngoja kidogo hapo. Wakati Baba anasema hayo, Yesu alikuwa amefanya muujiza gani? Luka 3:23 inasema alikuwa na umri wa kama miaka 30. Yohana 2:11 inasema ishara yake ya kwanza ilikuwa ile ya Kana, na ilikuja baadaye. Hajaponya kipofu. Hajalisha elfu tano. Hajafufua mtu. Hana kanisa, hana hata mwanafunzi mmoja. Na tayari Baba amependezwa naye, tena ametangaza hadharani.

Kisha sura inayofuata, palepale, Roho anampeleka jangwani. Siku 40. Njaa.

Mzazi, mahafali ni Yordani. Kuna sauti, kuna watu, kuna picha, kuna pilau. Lakini kwa vijana wengi wa nchi hii, sura inayofuata ni jangwa. Ni kusaga lami na bahasha ya khaki. Ni kutuma maombi ya kazi hamsini na kujibiwa mawili. Na usidhani ni wale wa kozi "nyepesi" tu. Mwaka 2024 tuliona wahitimu wa udaktari wenyewe wakikaa nyumbani wakingoja kupangiwa hospitali za uanagenzi. Madaktari waligoma kuanzia katikati ya Machi hadi 8 Mei, na moja ya mambo makubwa ilikuwa hao wanagenzi: makubaliano ya mwaka 2017 yaliwapa takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikapendekeza 70,000. Watoto waliokuwa wa kwanza darasani tangu chekechea walikuwa wamekaa kwa sebule za wazazi wao, wakingoja.

Na si jambo la leo. Wangari Maathai tunamjua wote. Alipokuwa mtoto kule Ihithe, Nyeri, kakake ndiye aliyemwuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao, na mama akaona hakuna sababu ya kumzuia. Mama wa kijijini, wakati ambao wasichana wengi walibaki nyumbani, akaamua. Wangari akasoma mpaka akavuka kwenda Marekani mwaka 1960, akapata shahada ya biolojia mwaka 1964, kisha akafanya ya uzamili Pittsburgh. Mwaka 1966 akarudi Nairobi akiwa na barua mkononi ya kazi ya utafiti chuo kikuu. Alipofika kuripoti akaambiwa nafasi imepewa mtu mwingine. Barua anayo, kazi hakuna. Hilo ni jangwa. Baadaye alipata nafasi katika idara nyingine ya chuo hichohicho, mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Lakini siku ile alipogeuzwa mlangoni, hakuna aliyejua hayo yatakuja. Kama mamake angepima thamani ya bintiye siku hiyo kwa mshahara, angesema karo imepotea.

Sasa ona jaribu la kwanza jangwani. Mjaribu anakuja na mambo mawili. La kwanza, anatilia shaka uana: kama kweli wewe ni Mwana. Na ukilinganisha mistari, utaona neno moja ameliacha. Baba alisema Mwana mpendwa. Mjaribu anasema Mwana tu, "mpendwa" halipo. La pili, anataka mkate, na anautaka sasa hivi: geuza haya mawe.

Hayo ndiyo mambo mawili ambayo kijana wako anapambana nayo kila asubuhi. Moja, "Kama kweli umesoma." Pili, "Mkate uko wapi?" Geuza hicho cheti kiwe mkate, leo. Na kijana aliyebanwa atafanya chochote kiwe mkate. Ndipo anaingia kwenye kamari ya simu. Ndipo anamtumia wakala pesa ya "kazi ya Ghuba" ambayo haipo. Ndipo anakubali kutoa hongo ya nafasi ya kazi, na mzazi aliyeokoka anauza kipande cha shamba cha Kwale ama Kilifi ili hongo itoshe, huku anaita hiyo ni mlango uliofunguliwa. Wapendwa, mlango unaofunguliwa na hongo haukufunguliwa na Bwana.

Yesu alisimama jangwani na Neno, na nyuma yake alikuwa na sauti ya Yordani. Alijua amependwa kabla hajatoa mkate wowote. Swali langu kwako: mwanao akiwa jangwani, anayo sauti kama hiyo ya kukumbuka? Ulishawahi kumwambia, kwa mdomo wako, kabla ya mshahara wowote, kwamba umependezwa naye? Wazazi wengi wa Pwani na wa bara tunasema na jirani, tunasema na kanisa, tunaweka picha kwenye simu. Mtoto mwenyewe hajawahi kuambiwa ana kwa ana.

4. Kanzu mbili

Kuna kitu kingine kinafanyika nyumbani siku ya sherehe, na hatukioni manake macho yote yako kwa mwenye joho.

Biblia ina wazazi wawili walioshonea watoto wao kanzu. Wa kwanza ni Yakobo, Mwanzo 37:3–4. Alimpenda Yusufu kuliko wengine, akamfanyia kanzu ya pekee. Ndugu zake walipoiona hawakuweza tena kusema naye kwa amani. Kanzu moja ikaharibu nyumba nzima. Mzee alidhani anamheshimu mmoja, kumbe anawaambia kumi kwamba hawatoshi.

Wa pili ni Hana, 1 Samweli 2:19. Kila mwaka alipopanda kwenda kutoa dhabihu alimletea Samweli kanzu ndogo. Ona vizuri: mtoto ameshatolewa kwa Bwana, hatarudi nyumbani kumchotea mama maji. Hakuna faida inayongojwa hapo. Lakini mama bado anashona, mwaka baada ya mwaka, na lazima alikuwa akikisia ukubwa wake, amefika begani ama bado. Na Mungu hakumwacha Hana mikono mitupu: mstari wa 21 unasema alipata wana watatu na binti wawili.

Kwa hivyo kabla hujasimama na maikrofoni, tazama waliokaa nyuma ya hema. Yuko kaka anayeendesha boda. Yuko dada wa saluni. Yuko yule aliyeacha shule kidato cha pili ili karo ya mwingine itoshe, na jambo hilo halijawahi kutajwa. Katika KCSE ya mwaka 2024 walifanya watahiniwa zaidi ya 960,000, na waliopata C+ kwenda juu, alama ya kuingilia chuo kikuu, walikuwa takriban 246,000. Ni kama mmoja kati ya wanne. Hao watatu wengine pia ni watoto wa watu, na wengi wao wameketi kwenye viti vya kanisa letu. Paulo alishona mahema, Matendo 18:3. Bwana wetu aliitwa seremala, Marko 6:3. Usimfanyie mmoja sherehe kwa namna itakayowafanya wengine wajione hasara ya nyumba.

5. Neno kwa wewe uliyefuzu

Mdogo wangu, hili si somo la kukupa silaha dhidi ya wazazi wako. Usiende nyumbani kusema, "Pasta amesema sidaiwi." Mzazi akifunga daftari lake kwa upendo, wewe fungua lako kwa heshima. Pokea simu. Sema ukweli: "Mama, bado sijapata, lakini natafuta, niombee." Ukweli mchungu unapumzisha watu kuliko kimya. Ukipata, hata kibarua kidogo, keti nao mkubaliane kiasi unachoweza kila mwezi bila kukopa, na ukitoe kwa uaminifu. Na siku utakapopewa maikrofoni, mtaje kaka wa boda kwa jina.

HATUA ZA WIKI HII

Kwanza, mwite mwanao aliyemaliza masomo, ama mpigie simu. Mwambie unampenda na umependezwa naye. Ukimaliza, usiongeze neno "lakini". Kata simu.

Pili, kama una sherehe mbele yako, panga kwa pesa uliyo nayo. Usichukue mkopo wa simu ili ulishe mtaa. Chai na mahamri, na sadaka ya shukrani, vinatosha. Deni la pilau ni la kwanza kumfuata mtoto jangwani.

Tatu, mtafute mtoto wako asiye na joho. Mtajie jambo moja maalum unalomshukuru Mungu kwa ajili yake.

Nne, washirika wenye biashara na ofisi: tuna vijana wenye vyeti hapa ndani. Kabla hujatangaza nafasi nje, ongea na ofisi ya kanisa. Malaika walimhudumia Bwana jangwani, Mathayo 4:11. Nasi tuwe mikono ya kuhudumia.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Karo uliyolipa umeiandika safu gani: mkopo, uwekezaji, ama zawadi? Ni maneno gani unayosema nyumbani yanayoonyesha hivyo?

2. Kwa nini Baba alitangaza kupendezwa na Mwana kabla ya kazi, na si baada?

3. Tunawezaje kushikilia 2 Wakorintho 12:14 na 1 Timotheo 5:4 pamoja, bila kuacha hata moja?

4. Katika nyumba yako, ni nani ameketi nyuma ya hema?

TUOMBE

Baba, tunakushukuru kwa kila mtoto uliyemvusha, na kwa kila mkono uliochanga. Utukufu ni wako. Wazazi wanaodai bila kujua, tusaidie kufunga daftari. Vijana walioko jangwani, wakumbushe kwamba wamependwa, uwalinde na mkate wa haraka, na uwafungulie milango iliyo safi. Waliosahaulika nyumbani, tupe macho ya kuwaona. Katika jina la Yesu. Amina.